Tutadhaminiana: Ilani ya Mabinti Tuliolelewa Makaoni, Bukoba na Muleba

Sisi ni mabinti tuliolelewa katika makao ya watoto ya Bukoba na Muleba. Kuna aliyeletwa akiwa kichanga cha siku chache, mama yake amefariki akijifungua. Kuna aliyeletwa na bibi aliyeishiwa nguvu, na aliyeletwa na afisa ustawi wa jamii baada ya kukutwa sokoni hana wa kumdai. Tumekula uji wa makao, tumevaa nguo za wafadhili, tumewaimbia wageni nyimbo za kuwakaribisha. Sasa tu watu wazima. Tunaandika ilani hii kwa sababu wadogo zetu wanaendelea kutoka kupitia mlango uleule tuliotokea sisi, na wengi wao hawana anayewasubiri upande wa pili.

Hoja yetu ni moja. Binti anayetoka makaoni hajakosa akili, ufundi wala bidii. Amekosa mdhamini: mtu wa kusema, "Huyu namjua, likitokea lolote niulizeni mimi." Ukitaka chumba Kashai au Hamugembe, mwenye nyumba anauliza nani anakufahamu. Ukitaka kazi dukani, tajiri anataka mdhamini. Ukitaka mkopo, kikundi kinauliza wewe ni wa nani. Ukiugua usiku, nesi anauliza ndugu yako yuko wapi. Mtoto wa nyumbani hujibu maswali haya bila hata kufikiri. Sisi hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakotugharimu.

KAGERA INAWAJUA YATIMA

Mkoa huu haukuanza jana kulea watoto waliofiwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa kwenye ardhi hii. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walionekana hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Watu wa hapa waliuita ugonjwa huo Juliana, wakiuhusisha na nguo za fasheni zilizovuka mpaka kwa biashara ya magendo. Kufikia 1987, utafiti uliofanyika Bukoba mjini ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana virusi. Vibanja vilibaki bila wa kupalilia migomba, na nyumba nyingi zikabaki na watu wa aina mbili tu, bibi na wajukuu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza ikiwa na mamia ya abiria, na kilio kikaingia katika nyumba nyingine tena.

Lakini watu wa Kagera hawakukaa mikono kifuani. Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya KKKT imelea vichanga pale Ntoma tangu miaka ya 1950. Kule Nshamba, shirika la Humuliza lilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuwafundisha walimu na walezi kusikiliza huzuni ya mtoto aliyefiwa, na ndani yake likazaliwa kundi la Vijana Simama Imara, yatima waliochagua viongozi wao wenyewe, wakaweka akiba na kusaidiana kazi. Mwaka 2003, hapohapo Nshamba, shirika la Kwa Wazee likaanza kuwapa wazee wanaolea wajukuu pensheni ndogo ya kila mwezi, na baadaye likawafundisha wasichana kujihami. Tunayataja haya ili isidhaniwe kwamba tumebuni jambo geni. Nshamba imekwisha kuonyesha kwamba yatima wakipewa nafasi ya kujiongoza, wanajiongoza.

Kagera pia ni mahali ambapo watafiti waliwafuata watoto walewale kwa miaka mingi. Kaya zilizohojiwa kati ya 1991 na 1994 zilitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, pamoja na waliokuwa wamehamia mbali. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walikuta kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka 15 alipoteza karibu sentimita 2 za kimo na mwaka 1 wa shule, na hasara hiyo alikwenda nayo ukubwani. Beegle na Sofya Krutikova walikuta kwamba msichana aliyefiwa na baba huolewa akiwa mdogo kuliko wenzake, ilhali kwa mvulana kifo cha baba hakibadilishi sana umri wa kuoa. Sisi tunausoma utafiti huo hivi: baba akifa, mvulana husubiri kibanja, na msichana hutafutiwa mchumba. Ndiyo maana tumeanza na mabinti, ingawa tunajua kaka zetu nao hutoka makaoni wakiwa wapweke.

KINACHOTOKEA MLANGONI

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Ni kinga njema. Lakini mtoto wa nyumbani anapotimiza miaka 18 hakuna anayemfungia geti. Akishindwa mtihani anarudi, akifukuzwa kazi anarudi, ndoa ikivunjika anarudi, na hata akirudi na aibu, mama atamkaripia huku anampakulia chakula. Sisi tunatoka mara moja. Mwenye bahati hupewa godoro, ndoo, cherehani na maombi. Cherehani tunaishukuru. Ila cherehani haikukopeshi kodi ya miezi sita, wala haikwambii kwamba mwanamume anayejitolea kukulipia kodi hiyo atakuja kuidai.

Kwanza ni karatasi. Binti asiye na cheti cha kuzaliwa cha RITA anahangaika kupata kitambulisho cha NIDA. Fomu ya NIDA inauliza habari za baba na mama. Mkoa wetu umepakana na Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo maofisa wa uhamiaji huuliza zaidi, na wana sababu zao. Binti ambaye jina lake alipewa na mlezi na tarehe yake ya kuzaliwa ilikadiriwa atajibu nini? Laini za simu sasa husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mwaka 2020 zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Asiye na NIDA anatumia laini ya mtu mwingine, mara nyingi mwanamume, na mshahara wake unaingia kwenye simu ya mwanamume huyo. Anayefaulu kwenda chuo kikuu na kuomba mkopo wa serikali kama yatima anatakiwa aonyeshe vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Yaani, ili utambuliwe kuwa umefiwa, lazima kwanza ujue ni nani amekufa.

Pili ni maisha yenyewe. Tunajua kusonga ugali wa watu sitini. Kupika kwa ajili ya mtu mmoja hatukufundishwa. Hatukuwahi kupatana bei ya mkungu wa ndizi, kununua umeme wa LUKU, kugawa mshahara hadi mwisho wa mwezi, wala kusoma mkataba. Tulifundishwa utii. Kengele ikilia unaamka, ikilia unakula, mkubwa akisema unaitikia. Utii huo unamsaidia mlezi mwenye watoto wengi na mikono miwili. Kwa binti aliye peke yake mjini, ni hatari, kwa sababu kila anayempandishia sauti, binti humwona kuwa ana haki ya kumwamuru.

Tatu ni njia zinazobaki. Ipo kazi ya ndani Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka, ambako dalali anapokea chake kabla ya binti kupokea cha kwanza. Upo mwalo visiwani, Goziba au Bumbire, ambako kazi ya mgahawa huanza na sahani na haijulikani inaishia wapi. Ipo ndoa ya haraka na mwanamume anayejua vizuri kwamba hakuna shemeji atakayekuja kuuliza. Hatumdharau dada yeyote aliyepita huko. Wapo miongoni mwetu waliopita. Tunachokataa ni kwamba asiye na wa kumuuliza hali ndiye anayesukumwa kwenye njia hizi, kisha analaumiwa kwa kuzichagua.

TUNAYOAMINI

1. Kutoka makaoni ni safari ya miaka, na kuisubiri siku ya kuzaliwa ni kuchelewa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka maandalizi yaanze mapema kabla ya mtoto kuondoka, na kila inapowezekana awepo mtu maalumu wa kumsaidia kijana kujitegemea. Mtu huyo ndiye tunayemwita mdhamini.

2. Kujitegemea hakuna maana ya kuishi bila watu. Hakuna Mhaya anayejitegemea kwa namna hiyo. Mwenye kibanja ana ukoo, jirani, shangazi, kikoba na chama cha kuzikana. Nasi tunataka watu.

3. Familia ni ya kwanza. Wengi wetu tuna ndugu walio hai, na wengine tuliingia makaoni kwa sababu ya umaskini tu. Bibi anayeweza kulea akisaidiwa, asaidiwe yeye, mtoto abaki nyumbani.

4. Yatima ana haki kabla hajawa na shida. Hatuji kuomba huruma. Tunaomba kile ambacho sheria imeshatupa.

5. Habari zetu ni mali yetu. Siku tuliyoletwa, aliyetuleta, jina tulilokuja nalo, kijiji tulichotoka: yote hayo ni yetu, na hakuna kabati la ofisi lenye haki ya kutunyima.

TUNAYODAI

Kwa makao na walezi wetu. Mama zetu, masista na walimu, hatujasahau usiku mliokesha na homa zetu. Tunawaomba mwanze mapema. Msichana akifika miaka 14, afunguliwe jalada lake: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, vyeti vya shule, barua ya ustawi wa jamii, majina ya ndugu wanaojulikana. Afundishwe fedha kwa kushika fedha, atumwe sokoni na kurudi na chenji. Wakati wa likizo apelekwe kwa ndugu au familia rafiki ili aone nyumba inavyoendeshwa. Afundishwe kukataa, na akikataa asiadhibiwe. Asitoke binti yeyote bila kujua atalala wapi na nani atapokea simu yake. Na akitoka, aruhusiwe kurudi kusalimia, kuomba ushauri, na kulala siku mambo yakiwa mabaya.

Kwa Manispaa ya Bukoba na Halmashauri za Wilaya za Bukoba na Muleba. Tunataka kila halmashauri iwe na daftari la vijana wanaotoka makaoni, na afisa ustawi wa jamii awafuatilie kwa miaka mitatu baada ya kutoka. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, kisha ikarudishwa mwaka uliofuata. Tunataka vikundi vyetu visikataliwe kwa sababu wanachama hawana ukoo unaojulikana katika kata. Tunaomba nafasi katika chuo cha VETA cha Burugo na katika vyuo vya maendeleo ya wananchi, pamoja na malazi, kwa maana binti asiye na kwao hawezi kusoma kutwa. Tunaomba pia RITA, NIDA na uhamiaji waje makaoni angalau mara moja kwa mwaka, wamalize kazi hiyo binti akiwa bado ana mlezi wa kusimama naye.

Kwa wazee wa koo zetu. Waitu, hapa tutasema kwa heshima, lakini tutasema. Wapo miongoni mwetu ambao baba zao waliacha kibanja, na kibanja hicho leo kinavunwa na mtu mwingine. Tulipouliza tuliambiwa msichana harithi ardhi ya ukoo. Maneno hayo yalishajibiwa mahakamani, na aliyeyajibu ni mwanamke wa Muleba hapahapa. Holaria Pastory alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, wa ukoo wake, akafungua kesi akidai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilianza mahakama ya mwanzo ya Kashasha na kufika Mahakama Kuu Mwanza, na mwezi Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume inapingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na Sheria ya Mtoto inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Hatutaki kumfukuza baba mdogo aliyeitunza migomba miaka kumi na tano. Tunataka tukae naye mbele ya wazee, mipaka ionyeshwe, jina letu liandikwe. Ikishindikana, tutakwenda kwenye baraza, na tutakwenda tukiwa wengi.

Kwa parokia, sharika na misikiti. Mmetulea mkitaja jina la Mungu, na vitabu vyenu vyote vinawataja yatima. Tunaomba kila jumuiya ijitolee kumdhamini angalau binti mmoja: familia mbili zinazokubali majina yao yaandikwe, zinazomwalika siku ya sikukuu, na zitakazosimama naye siku ya posa na siku ya msiba. Fedha zenu tutazipokea. Majina yenu tunayahitaji zaidi.

Kwa wafadhili wa karibu na wa mbali. Mmejenga mabweni mazuri. Sasa jengeni miaka inayofuata bweni: kodi ya mwaka wa kwanza, ada ya ufundi, nauli ya kwenda kumtafuta shangazi. Saidieni bibi kabla mjukuu hajaletwa makaoni. Na msiweke tena mtandaoni picha ya msichana pamoja na habari ya namna mama yake alivyokufa. Picha hiyo mwajiri wake ataiona, na mchumba wake ataiona.

Kwa wenye nyumba na waajiri. Pokeeni kodi ya mwezi mmoja mmoja katika mwaka wa kwanza, nasi tutatia saini. Andikeni mkataba, hata kwa kazi ya ndani. Mshahara uingie kwenye simu ya binti mwenyewe.

TUNAYOAHIDI

Vuguvugu linalodai bila kutoa ni kelele. Haya ndiyo tutakayotoa.

Tutadhaminiana. Kila aliyetoka kabla atamshika mkono mmoja anayetoka sasa: ataongozana naye kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mwenye nyumba na sokoni, na atakuwa namba ya kwanza katika simu yake. Mwenzetu akishindwa kodi ambayo tuliitolea saini, tutalipa sisi kwa mwenye nyumba, kisha tutakaa na mwenzetu tujue kilichomkuta.

Tutaweka akiba. Kila mwanachama mwenye kipato atatoa hisa ya kila mwezi, hata iwe ndogo. Mfuko huo utakuwa wa mambo matatu tu: kodi ya kuanzia, nauli ya dharura, na gharama ya karatasi. Hesabu zitasomwa mbele ya wanachama wote, na asiyejua kuzisoma atafundishwa.

Tutakuwa na chumba cha kurudia, kimoja Bukoba mjini na kimoja Muleba. Binti aliyefukuzwa usiku, aliyekimbia kipigo, au aliyeshuka kwenye boti kutoka visiwani akiwa hana kitu, atapata pa kulala bila kuulizwa kwanza kosa lake ni nini.

Tutajifunza kujihami, kwa maneno, kwa mwili na kwa sheria. Tutawaalika wasaidizi wa kisheria watufundishe mirathi, ndoa na mikataba ya kazi, na mwenzetu akiingia barazani hataingia peke yake.

Tutatafuta ndugu zetu. Tutafanya hivyo polepole, kwa ridhaa ya binti na kwa msaada wa ustawi wa jamii, tukijua kwamba mlango mwingine ukifunguliwa una kilio, na mwingine haufunguliwi kabisa.

Tutamsikiliza aliyezaa. Binti mwenye mtoto ni mwanachama kamili. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu ya ujauzito warudi darasani, nasi tutakaa na mtoto mama yake akiwa shuleni. Hatutakubali mtoto wa mwenzetu aingie makaoni kwa sababu tu mama yake hakuwa na wa kumsaidia.

TUTAKAVYOFANYA KAZI

Uongozi utakuwa wa waliolelewa makaoni. Walezi, viongozi wa dini, maofisa na wafadhili wanakaribishwa kama marafiki na washauri, na kura ni yetu. Hatutauliza dini, kabila wala aina ya makao. Hatutatumia sura ya mwanachama kuombea fedha. Tutajisajili kama sheria inavyotaka, na jina la umoja wetu litachaguliwa katika mkutano wa kwanza wa wanachama. Tumekataa watu wachache wajifungie na kulichagua.

Wenzetu wa Kenya walishaanza. Waliolelewa makaoni nchini humo waliunda chama chao, KESCA, mwaka 2009, na mwaka 2022 serikali yao ikatangaza mkakati wa miaka 10 wa kuhamishia malezi ya watoto kwenye familia na jamii. Tunataka siku inapoandikwa sera ya namna hiyo hapa nchini, aliyelala kwenye mabweni hayo awe mezani, na awe na kalamu.

Wadogo zetu mlio bado makaoni: ombeni kuona majalada yenu. Ulizeni majina ya wazazi wenu. Jifunzeni bei za sokoni. Msiogope tarehe ya kutoka, ila msikubali iwakute bila namba ya mtu.

Dada zetu mliokwisha kutoka, mlioko Rwamishenye, Kemondo, Kamachumu, Izigo, visiwani au mbali zaidi: njooni na mlichonacho. Mwenye genge aje na bei, fundi cherehani aje na ufundi, mwalimu aje na kalamu. Aliyeumizwa asione aibu kuja, maana anajua asichokijua mtaalamu yeyote.

Nanyi mnaotusoma, mwaka mmoja baada ya kuanza mtuulize maswali manne. Ni mabinti wangapi waliotoka makaoni, na kila mmoja alilala wapi usiku wa kwanza? Ni wangapi wana kitambulisho na laini ya simu kwa majina yao wenyewe? Ni wangapi wameonyeshwa mipaka ya kibanja cha baba au mama? Na fedha za mfuko ziko wapi? Majibu yatabandikwa ukutani, hesabu pamoja na makosa. Kiongozi yeyote kati yetu atakayekwepa maswali hayo, wadogo zetu wana haki ya kumwondoa na kuchagua mwingine.